Jakuzi la nyumbani wakati wa kipupwe: umeme unaliwa na upepo, hita inaliwa na chokaa

Waalaykumu salaam dada. Umesema jakuzi lako la Jambiani, Zanzibar, ni la lita 1,200, hita ya kilowati 3, maji ya kisima. Tangu kusi lianze kuvuma uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zinakwisha kama zinamwagwa, hita imeshajizima mara mbili, na pua za maji zimefanya ukoko mweupe. Na kitabu chake kimetoka Kanada, kinakwambia wakati wa baridi usilizime hata usiku mmoja.

Hicho kitabu hakikosei, ila hakisemi na wewe. Kule baridi ikishuka chini ya sifuri maji yanaganda ndani ya mabomba, yanatanuka na kupasua pampu. Kipupwe chetu hata usiku wa baridi sana ni nyuzi ishirini na kitu. Hita zima usiku kucha, zima wiki nzima ukitaka. Usichozima ni mzunguko wa kuchuja: muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni kwa uchache, na klorini iwemo. Maji ya uvuguvugu yaliyosimama bila dawa ndimo bakteria wanamozaliana, pamoja na wale wa vipele na wa homa ya mapafu. Ukisafiri zaidi ya wiki mbili, yamwage yote, kausha, acha wazi vifuniko vya chujio.

Sasa uniti. Lita 1,200 kuzipandisha nyuzi 1 kunakula kama uniti 1.4. Kutoka 28 hadi 38 ni uniti 14, na hita yako itachukua karibu saa 5: washa saa tisa alasiri, saa mbili usiku ingia. Hesabu hiyo haitishi. Kinachotisha ni mvuke. Kila lita moja inayoondoka kwa mvuke inachukua joto la uniti 0.67 hivi. Bandika kipande cha selotepu ukutani mwa jakuzi, usawa wa maji, saa nne usiku, usiwashe pua, uje kutazama alfajiri. Kama uso wa maji ni mita za mraba 3 na yameshuka sentimita 1 tu, hizo ni lita 30, yaani uniti 20. Umepoteza zaidi ya ulichotumia kupasha! Kabla ya kulaumu mvuke, zima kila kitu, funika vizuri na upime tena. Yakishuka vilevile, una mahali panapovuja.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye kifuniko. Kinyanyue: kikiwa kizito kuliko kilivyokuja, sponji lake limekunywa maji, halizuii tena joto. Chini yake tandaza plastiki ya mapovu inayoelea juu ya maji. Upande wa kusi, yaani kusini-mashariki, piga ua wa makuti wa kimo cha mtu. Ua, si paa: makuti ya juu yanadondosha vumbi na nyuzi majini na kuyatia rangi ya chai.

Na kifuniko hichohicho ndicho kinachookoa hita, jambo ambalo wengi hawaliunganishi. Maji yakipanda kwa mvuke, chokaa haipandi nayo. Kila ukijazia lita 30 za kisima, unaongeza chokaa mpya juu ya ya zamani. Visima vya maweni vimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, chokaa imo tangu chini. Kama kisima chako kina miligramu 400 kwa lita, kwa siku 40 za kujazia namna hiyo utakuwa na 800. Nayo chokaa, tofauti na chumvi au sukari, maji yakizidi moto ndipo inapoachana nayo; inaganda kwanza pale penye moto mkali, kwenye chuma cha hita. Ukoko ukishakuwa mnene joto halitoki, chuma kinajiunguza chenyewe. Unachokiona kwenye pua ni salio tu.

Dawa yake inaanguka kutoka mbinguni mwezi wa nne na wa tano. Vuna maji ya masika kwenye tangi la plastiki, mvua za mwanzo ziache zioshe paa. Maji ya mvua karibu hayana chokaa. Lita 700 za mvua na 500 za kisima cha 400 zinakupa kama 167, na unachotaka ni baina ya 150 na 250. Usijaze mvua tupu. Maji yasiyo na chokaa kabisa yanatafuna vyuma na kutoa povu. Jaza kwa kutia mpira ndani ya tundu la chujio, si juu ya jakuzi, ili hewa isibaki kwenye pampu. Ukijaza na pampu ikanguruma bila kusukuma, zima umeme, legeza kidogo nati kubwa ya pampu mpaka hewa ifyonye na maji yaanze kudondoka, halafu kaza.

Kisha pima ukali wa maji. pH iwe 7.2 hadi 7.8, alkali miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Maji ya kisima alkali yake huwa juu, na pua zikivuruga maji pH inapanda yenyewe kila siku. Kwa lita 1,200, gramu 30 za asidi ya unga zinashusha alkali kwa 10 hivi. Koroga kwenye ndoo ya maji, mimina pampu ikizunguka, subiri saa nzima, pima tena. Usitie dozi yote kwa siku moja kwa pupa.

Hita yako inayojizima: toa chujio, washa bila ya chujio kwa nusu saa. Kama haijizimi tena, hita haina kosa, chujio limeziba na maji hayapiti vya kutosha. Kama inajizima vilevile, shuku ukoko. Zima breka kuu, mwaga maji, fungua nati mbili za bomba la hita, loweka chuma kwenye siki na maji nusu kwa nusu hadi ukoko uache kutoa mapovu. Usikwangue kwa kisu, utatoboa ganda lake. Lakini kama kinachokatika ni breka yenyewe, usiirudishe mara ya pili. Huenda chuma kimepasuka na umeme unagusa maji. Mwite fundi apime. Breka ya jakuzi lazima iwe ile ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, kitufe chake cha majaribio ukibonyeze kila mwezi, maana kwenye jiwe kavu la maweni chuma cha ardhi mara nyingi hakishiki vizuri.

Chujio lisuuze kila wiki, na kila mwezi liloweke. Hapa fuata mpangilio: kwanza sabuni ya kuondoa mafuta, suuza, ndipo siki. Ukianza na siki mafuta yanagandia kwenye nyuzi. Wageni waliopakwa singo (manukato ya kusugulia mwili) au mafuta ya nazi wakoge kwanza kwa sabuni. Mtu mmoja wa singo anaziba chujio kuliko watu kumi waliokoga.

Klorini ishike miligramu 3 hadi 5 kwa lita. Tumia dikloro ya chembechembe: gramu 6 au 7 zinapandisha lita 1,200 kwa 3. Ile ya unga ya mabwawa, ya asilimia 65 au 70, inakuongezea chokaa, na vidonge vya kuelea ni vikali, vinakula hita na plastiki. Usichanganye aina mbili za klorini hata kwa kutumia kijiko kimoja, zinaweza kuwaka moto. Na klorini na asidi zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Joto lisizidi 40, dakika 15 zinatosha, na mjamzito au mwenye moyo au presha amuulize daktari kwanza.

Kwa watu wawili kila siku, badilisha maji kila siku 50 hivi. Kabla ya kuyamwaga acha kutia klorini, fungua kifuniko siku mbili tatu mpaka kipimo kisome sifuri. Usiyaelekeze pwani wala karibu na kisima: maweni ni matundu matupu, leo unamwaga uani, kesho unayateka kwenye ndoo. Yapeleke kwenye migomba, mbali na kisima, kidogokidogo kwa mpira.