Kabla ya kumfundisha mama somo la lishe, iangalie sufuria yake

Wewe mwelimishaji wa lishe umepangiwa kijiji, umekabidhiwa tepi ya kupimia mkono, daftari na bango lenye picha za makundi ya chakula. Bango litakusaidia kidogo kuliko unavyodhani. Akina mama wengi wa Mtwara na Lindi, mikoa ya kusini mwa Tanzania, wameshaliona kliniki, na ukiwauliza watakuhesabia makundi yote kwa vidole. Kinachowakwamisha ni shamba lililo mbali, maji ya kufuata bondeni, na uji unaopikwa mara moja alfajiri ili ufike jioni. Somo linaloshika huanzia kwenye kilichomo jikoni wiki hiyo, likabadilisha jambo moja. Ukidai matano kwa mkupuo, hata moja halitafanyika.

Uliza kabla ya kusema. Swali la "unampa mtoto mboga za majani?" halina faida, kwa sababu jibu lake ni ndiyo kijiji kizima. Uliza hivi: "Mama Zuhura, jana tangu mlipoamka mpaka mnalala, mtoto alikula nini na nini?" Kisha nyamaza. Akimaliza, rudi nyuma pole pole: mchana alilishwa na nani, alikula kwenye bakuli lake au kwenye sinia la wote, alibakiza kiasi gani. Omba uoneshwe kikombe na kijiko chenyewe. Hapo ndipo chai ya rangi, maji ya kutuliza kiu kwa mtoto wa miezi mitatu na dawa ya mchango hujitokeza bila wewe kuvitaja. Usikunje uso. Mama akiona umekunja uso, kuanzia siku hiyo atakupa majibu ya bangoni.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ujumbe ni mfupi: maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa kituoni. Kunyonya kuanze ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na maziwa ya mwanzo ya njano yasimwagwe. Hofu ya kiu kwa joto la pwani ni ya kweli, usiicheke. Eleza kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo siku ya jua kali mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Baada ya miezi 6, tatizo utakalolikuta karibu kila nyumba ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takribani robo lita kwa mlo mmoja. Ukilijaza maji yenye unga kidogo, mtoto ameshiba na hajala. Mama ana sababu zake: uji mwepesi hunyweka haraka, hautumii unga mwingi, na bibi amesema mzito utamkaba. Usibishane kwa maneno. Chota uji wake kwa kijiko, uinamishe. Ukimwagika kama chai, ni mwepesi. Ukibaki kijikoni na kudondoka taratibu, umefaa. Jaribio hilo huchukua nusu dakika na mama atalirudia mwenyewe utakapokuwa umeondoka.

Kwa darasa la mapishi, vipimo vya mtoto mmoja ni hivi. Kikombe 1 cha maji cha mililita 250, unga wa mtama au mahindi vijiko 3 vya chakula, karanga zilizokaangwa na kusagwa kijiko 1 cha chakula, unga wa dagaa kijiko 1 cha chai. Koroga unga kwenye maji baridi kidogo kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, pika kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 ukikoroga na kuongeza maji kidogo ukikauka, karanga na dagaa viingie kabla ya kuepua. Dagaa wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke kidogo, wasuuze mpaka mchanga uishe, wakaushe upya kwenye kikaango, ndipo utwange na kuchekecha. Ukiruka hatua hiyo mtoto atatema, na mama atahitimisha kwamba mwanawe hapendi dagaa.

Uji ukizidi kuwa mzito kwa mtoto anayeanza, dawa yake si maji, ni kimea. Loweka mtama usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 mpaka uchipue, anika, kisha sugua na upepete vichipukizi vyote vitoke. Hatua hiyo ya mwisho si ya urembo, maana vichipukizi vya mtama vina sumu. Usiukaange, kwa kuwa moto utaua nguvu yake ya kulainisha. Saga. Pika uji mzito karibu na ugali laini, epua, subiri upoe mpaka mtu aweze kuonja, tia kijiko 1 cha chai cha kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona uji unalegea bila kuongezwa maji. Rudisha jikoni uchemke tena ndipo alishwe. Akina mama hupenda kuliona hili kuliko hotuba yoyote.

Neno moja kuhusu "unga wa lishe" wenye vitu saba. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano vikichanganywa bado ni kundi moja, wanga mtupu kwa bei kubwa. Karanga zikisagwa humo na kukaa wiki kadhaa huchacha kwa mafuta yake. Soya isiyokaangwa vizuri huzuia mwili kutumia protini. Nafaka moja, na karanga au dagaa vikiongezwa siku ya kupika, inatosha. Karanga zenye ukungu, zilizonyauka au zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, wala zisipewe kuku, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Kwenye muhogo kuwa makini zaidi. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata milipuko ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ukiwapata hasa watoto na wanawake walao muhogo mchungu ulioandaliwa haraka, wiki baada ya wiki, bila protini ya kutosha. Hutokea mwaka wa ukame, makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, yanapotwangwa kabla sumu haijatoka. Fundisha kulowesha unga. Weka unga kwenye bakuli, chora alama ubavuni pale unga unapofika, ongeza maji huku ukikoroga: kwanza utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza juu ya mkeka safi unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha pika siku hiyo hiyo. Sumu hutoka kama hewa, ndiyo maana kuutandaza kwa unene kunaharibu kazi yote. Kisamvu nacho kitwangwe sawasawa na kuchemshwa sufuria likiwa wazi, ndipo nazi au karanga ziingie. Mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani, maembe, papai na viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa.

Kusini kuna chakula kizuri kinachouzwa chote. Ufuta unavunwa, unapelekwa mnadani, na nyumbani hakibaki hata kisado. Mshawishi mama abakize kilo 2 au 3 kwa ajili ya mtoto, ukaangwe kidogo na kutwangwa, maana punje nzima hupita tumboni kama ilivyoingia. Mbaazi, kunde, choroko na njugu mawe ni hivyo hivyo: chemsha mpaka ziive kabisa, ponda, toa maganda kwa mtoto mdogo. Bibo, tunda la mkorosho, lina vitamini C nyingi na msimu wake watoto huliokota bure; kamua maji yake, changanya na uji uliopoa. Ila mtoto akae mbali korosho zinapochomwa, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Na ndoo ya viuatilifu vya korosho isigeuzwe chombo cha unga, hata ikioshwa mara kumi.

Chumvi inasahaulika sana. Pwani yetu ina mabwawa ya chumvi, na chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto huuzwa kwa bei ndogo gulioni. Ubongo wa mtoto unayahitaji madini joto tangu akiwa tumboni. Elekeza wanunue yenye maandishi ya madini joto kwenye pakiti, waihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko mbali na moshi na unyevu, waitie chakula kikikaribia kuiva.

Viwango vya kulisha vishike kichwani. Miezi 6 mtoto huanza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, akipandishwa taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, mara 3 hadi 4. Kuanzia mwaka 1 hadi 2 ni robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara 3 hadi 4, na kitafunwa kati. Kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 au zaidi. Awe na bakuli lake. Kwenye sinia la familia mtoto wa mwaka mmoja hushindwa na kaka zake, na mama hawezi kujua alikula tonge ngapi. Anayemlisha amtazame usoni, aongee naye, ataje kila kinachoingia mdomoni. Hayo hayagharimu senti, na ni sehemu ya makuzi sawa na chakula chenyewe.

Sasa kalenda, maana ndiyo inayoamua kama somo lako litafanyika. Mvua za Desemba hadi Aprili ndio wakati wa kilimo na wa ghala tupu. Familia nyingi huhamia mashamba ya mbali na kulala kwenye vibanda. Usihubiri mayai mwezi wa Februari. Fundisha mlo wa shambani: uji wa alfajiri ukikaa kwenye chupa mpaka saa nane mchana ni chanzo cha kuhara, kwa hiyo mama abebe unga mkavu uliokwisha kukaangwa, karanga zilizosagwa, sufuria ndogo na maji ya kutosha, apike hapo hapo. Asipoweza, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu au papai vya kupondwa wakati wa kula ni salama zaidi. Mtoto anayenyonya tu aende shambani na mama. Wakati wa minada ya korosho, Oktoba hadi Desemba, fedha inapitia chama cha msingi na mara nyingi kwenye akaunti ya baba. Huo ndio wakati wa kukaa na akina baba, kuongelea kuku watano wa mayai kabla fedha haijageuka bati na pikipiki.

Mama si msemaji wa mwisho. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo bibi mzaa mama na mjomba wana sauti ambayo mume hana. Ukifika, anza na bibi: "Shikamoo bibi, nimekuja tusaidiane kumkuza mjukuu." Ukimfanya bibi mshindani, uji mzito utamwagiwa maji mara tu ukipinda kona. Makungwi pia ni walimu wa asili. Wao hukaa na mabinti unyagoni kabla hujawaona kliniki. Waombe nafasi kwa heshima, wala usiwapangie cha kufundisha. Na mwiko wa mjamzito kula mayai eti mtoto atazaliwa na kipara, usiupige vita: hamia kwenye samaki na mbaazi, yai litafuata. Muhimu kwake ni vidonge vya kuongeza damu avimeze kila siku, chai ikae mbali navyo angalau saa 1.

Darasa lisizidi akina mama 12, dakika 45, lisiwe siku ya gulio wala Ijumaa mchana. Kila mmoja aje na kitu kimoja kutoka kwake, kiganja cha karanga au majani ya kunde. Wapike wao, wewe shika saa.

Upimaji hufanywa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, tepi iguse ngozi bila kubana, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi 12.4 njano, 12.5 na kuendelea kijani. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba sekunde 3; shimo likibaki kwa yote miwili, ni uvimbe wa utapiamlo mkali hata kama mtoto anaonekana kanenepa na bibi anamsifia. Nyekundu au uvimbe ni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hakuna uji wa kutibu hali hiyo nyumbani. Ila tepi haioni udumavu. Mtoto mfupi kwa umri wake anaweza kuwa kijani kila mwezi, na utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kwa hiyo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila robo mwaka, hakikisha urefu unapimwa na kuandikwa, na kwamba Juni na Desemba kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 amepata matone ya vitamini A.

Kabla hujaondoka kwenye mkeka, kubalianeni jambo moja na mama alirudie kwa maneno yake: "Nitaongeza unga mpaka ubaki kijikoni, na karanga kijiko kimoja." Liandike, weka tarehe ya kurudi ndani ya wiki 2, na ukirudi usiulize kama alifanya. Fika wakati wa uji, omba kijiko.