Muulize Mtaalamu wa Wadudu: Mtego umejaa mbu, tupulize dawa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwuguzi wa kikosi. Mwezi ujao tunapeleka makuruta kwenye uwanja wa mazoezi kwa wiki sita, nami nimekabidhiwa mitego mitatu ya taa (taa huvuta mbu, feni huwanyonya mfukoni) nipime hatari ya mbu. Nimeijaribu: mmoja niliutundika bwaloni, miwili kwenye mahema. Wa bwaloni karibu ulitoka mtupu, mmoja wa mahema ulijaa. Mkuu wangu anataka jibu fupi: wakiwa wengi tupulize, wakiwa wachache tuache?
Koplo, zahanati ya kikosi

JIBU: Marahaba, Koplo. Mwambie afande, kwa adabu zote za kijeshi, kwamba mfuko uliojaa haujasema kitu mpaka ujue umejaa mbu gani. Kuleksi wa mtaro wa maji machafu wanaweza kukesha na kambi nzima bila kumpa malaria hata mtu mmoja. Anofelesi wachache waliokwisha kunywa damu yenye vimelea wanatosha kukujazia vitanda.

Anza kwa kuuhamisha ule wa bwaloni. Hapo taa yake inashindana na taa za bwalo. Upeleke askari walipo usiku wa manane, kwenye lindo na ukingoni mwa mahema, kimo cha mita moja na nusu hivi. Ukipata barafu kavu, itie kwenye kopo lenye matundu ulitundike kando yake. Hewa inayotoka humo ni ileile tunayoitoa tukipumua, nayo ndiyo mbu huifuata. Kamba ya mtego ipake grisi, la sivyo sisimizi watakula mavuno yako yote na wewe utaandika sifuri. Asubuhi funga mfuko kwanza, ndipo uzime feni. Mwezi ukiwa mpevu, andika hivyo daftarini, maana taa huvuta wachache usiku kama huo.

Wagandishe, uwamwage kwenye karatasi nyeupe, utenge nondo na mbawakawa kwa brashi laini. Dume ana papasi, yaani vipembe vya kupapasia, zenye manyoya mengi. Mweke kando, haumi. Jike mtazame kwa lenzi pale penye mrija wa kunyonyea. Kuna vijiti viwili pembeni yake: vikiwa virefu sawa na mrija, umeshika anofelesi, vikiwa vifupi mno, ni kuleksi au edesi. Mweusi mwenye alama nyeupe mgongoni mfano wa kinubi ni Aedes aegypti, anayeeneza dengue na chikungunya. Huyo huuma mchana, kwa hiyo mtego wa usiku usikudanganye kwamba hayupo. Mtafute kwenye ndoo, matairi na maturubai yaliyoshika maji.

Kisha chukua upawa mweupe ukague maji. Uwanja wa mazoezi hujizalishia mbu wake: njia za malori, mahandaki yaliyoachwa wazi, mashimo ya milipuko. Maji machache, yanayopigwa jua, yasiyo na samaki; Anopheles gambiae, anofelesi mmojawapo anayeeneza malaria, anapenda hasa mahali pa namna hiyo. Sogea polepole, kivuli chako kisiangukie maji, kwani viluwiluwi vikishtuka huzama. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya anofelesi. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya hao wengine. Penye joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo handaki lifukiwe siku kombania inapohama, si siku ya kufunga mazoezi.

Funua na matangi ya maji pia uyakague. Anopheles stephensi, anofelesi wa Asia aliyegunduliwa kuingia Afrika huko Djibouti mwaka 2012, huzaliana humo bila shida.

Kuhusu kupuliza: moshi unaua wale wanaoruka saa hiyo, wa kesho bado wako majini. Tena dawa nyingi mbu wamezizoea. Kipimo kipo: wanakaa na dawa saa moja, unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, mnachoma mafuta bure.

Sasa jambo ambalo vikosi vingi hulisahau. Mbu hazaliwi na malaria, huichukua kwa mtu. Kuruta aliyekulia kwenye malaria nyingi anaweza kubeba vimelea bila homa yoyote, akalala hema moja na wenzake ambao hawajawahi kuugua. Wapime damu wanaporipoti. Ndani ya mbu vimelea huhitaji siku kama kumi au zaidi kukomaa, kisha ndani ya mtu aliyeumwa hupita wiki moja au zaidi kabla ya homa. Hesabu mwenyewe: katika wiki sita mzunguko huo unatimia, na wengine watashikwa wakiwa wamesharudi kwao. Mwaka 2003 wanajeshi wa majini wa Marekani walioshuka Liberia waliugua malaria kwa makumi, wengi baada ya kurudi melini, na ilionekana vidonge vya kinga havikumezwa ipasavyo. Basi daftari lako liwe na hema la kila mgonjwa, zamu zake za lindo na siku homa ilipoanza, na uliendeleze angalau mwezi mmoja baada ya mazoezi kwisha. Ukiona wagonjwa watatu wa lindo moja, unajua mtego wa kesho uwekwe wapi.

SWALI: Tumeambiwa tutapewa sare zenye dawa. Bado nahitaji kujipaka mafuta ya mbu?
Kuruta mtarajiwa

JIBU: Ndiyo, mwanangu. Permethrini iliyo kwenye kitambaa hailindi shingo, masikio wala mikono. Hapo paka DEET, dawa ambayo jeshi la Marekani liliitengeneza mwaka 1946 kwa ajili ya watu kama wewe. Permethrini yenyewe usijipake mwilini, ni ya nguo. Mikono ya shati iteremshe jioni hata kukiwa na joto. Na kama unapaka mafuta ya kuzuia jua, yatangulie hayo, ya mbu yafuate juu yake.