Kwa wanaoanza zamu kwenye chaneli iliyounganishwa

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha habari kinachorushia watazamaji wa ndani na wa nje kwa mpigo, msianze kwa kugawa nusu kwa nusu. Karibu kila mgeni huanzia hapo: taarifa nne za ndani, nne za nje, roho yake inatulia. Ukishasoma taarifa zenyewe ndipo unagundua nane zote zimeandikwa kwa mtu mmoja, aliyezaliwa mtaa wa pili.

Chukueni BBC. Tarehe 3 Aprili 2023 iliunganisha chaneli yake ya habari ya Uingereza, iliyokuwa ikiendeshwa kwa ada ya leseni wanayolipa wenye televisheni, na BBC World News, iliyokuwa ikitegemea matangazo ya biashara na malipo ya wasambazaji. Chaneli ikawa haijatimiza hata siku kumi, madaktari wa ngazi ya chini wa England wakaanza mgomo. Walimaliza asubuhi ya tarehe 15, na siku hiyo hiyo vita vikalipuka Khartoum. Mwezi ule unatosha kufundishia.

Mgomo kwanza. Mkiandika "Madaktari wamegoma leo, NHS yaonya kuhusu usalama wa wagonjwa", mtazamaji wa Lagos, asiyejua kuwa NHS ni huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hana pa kushika. Andikeni: "Nchini England, madaktari wa ngazi ya chini katika hospitali za umma wamegoma kwa siku nne, wakidai nyongeza ya asilimia 35 kufidia mishahara iliyoliwa na mfumuko wa bei." Mtu wa Manchester hajapoteza kitu. Mtu wa Lagos naye anaelewa, maana migomo ya madaktari haikuanzia England. Ila "hapa nchini", "serikali" isiyo na mwenyewe, na "waziri wa afya" asiye na nchi, mimi nafuta bila kumuuliza mwandishi.

Sudan ni ngumu zaidi. Tarehe 25 Aprili ndege za jeshi la Uingereza zilianza kuwaondoa raia wake kutoka uwanja wa Wadi Seidna, kaskazini ya Khartoum, kuwapeleka Cyprus. Hapo mtego unajitega wenyewe: una picha nzuri, una familia zinazolia, una waziri wa kuhoji. Bila kujua, vita vya Wasudani vimegeuka safari ya Waingereza. Ningeanza na usitishaji mapigano wa saa 72 uliokuwa umetangazwa na kama unaheshimiwa mitaani, na wanaobaki Khartoum wanapata wapi maji. Ndege zingekuja baadaye, zikiwa na dakika zao kamili, kwa sababu mwenye ndugu kule anazisubiri kwa haki kabisa.

Halafu saa. Mchana wa saa sita London majira ya kiangazi, New York ni saa moja asubuhi, Delhi saa kumi na nusu jioni, Singapore saa moja usiku. "Leo asubuhi" ni ya nani? Tajeni mji.

BBC ilijiachia mlango: kukiwa na jambo zito la ndani, watazamaji wa Uingereza wanaweza kurushiwa matangazo yao peke yao. Ni njia nzuri, lakini mhariri wa zamu mvivu huikimbilia mapema mno. Kutengana kunataka watu wa kuendesha pande zote mbili, na watu hao ndio waliopunguzwa mlipounganishwa. Jiulizeni kwanza kama sentensi moja ya maelezo haiwezi kuokoa taarifa.

Na msisahau mapumziko. Nje wanapoona matangazo ya biashara, watazamaji wa Uingereza hawaonyeshwi, kwa hiyo dakika zile zinataka kujazwa. Wageni hupachika chochote. Mimi ningeweka pale vihabari vya ndani visivyovuka mpaka, kama baraza la mji au barabara iliyofungwa, na ningemwambia mtangazaji kabla hajaketi, maana akirudi hewani akasema "kama tulivyowaeleza punde", nusu ya dunia haikuelezwa.