Jibu kwa aliyeuliza anunue chupa zipi nne ili aanze kutengeneza kokteli nyumbani

Ndugu yetu wa Mbezi ameeleza kwamba ametenga fedha za kununua chupa nne za pombe kali, kwamba anataka kujifunza kutengeneza kokteli nyumbani kwake badala ya kuziagiza baa kila mwisho wa juma, na anaomba atajiwe chupa hizo nne. Waliotangulia kumjibu wamemtajia majina, na majina hayo si mabaya. Mimi namshauri anunue chupa moja tu mwezi huu na fedha zinazobaki aziweke. Najua ushauri huo si aliokuwa akiusubiri, kwa hiyo nitaeleza ulikotoka.

Nilipoanza kuyapenda mambo haya, miaka saba iliyopita hapa Dar es Salaam, nilinunua chupa tisa ndani ya miezi mitatu. Kila kokteli niliyoisoma ilidai chupa nyingine, na nyingi kati ya hizo zilikuwa pombe tamu za rangi ambazo hutiwa kijiko kimoja tu, kisha hukaa kabatini mwaka mzima. Mwaka ulipokwisha niliweza kufuata maelekezo ya mtu mwingine, lakini sikuweza kueleza kwa nini kinywaji kilekile kilikuwa kizuri Ijumaa na Jumamosi kikapooza. Nilianza kuelewa pale tu nilipozifungia zile chupa zote, nikabaki na moja, nikatengeneza kinywaji kimoja kwa takriban miezi miwili huku nikibadilisha jambo moja kila mara.

Kokteli nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Daiquiri ya Kuba ni ramu, ndimu na sukari. Weka wiski mahali pa ramu na limau mahali pa ndimu, na mkononi una Whiskey Sour. Weka tekila, na badala ya sukari tia pombe tamu ya machungwa, na hiyo ni Margarita. Hata Dawa ya Nairobi, ile iliyopatia umaarufu pale kwenye mkahawa wa Carnivore, ambayo ni vodka, ndimu, sukari na asali inayokorogwa kwa kijiti, imo katika ukoo huohuo. Anayejua kusawazisha ukali, uchachu na utamu katika mmoja wa ndugu hawa hatakuwa mgeni kwa wengine, na ndiyo maana chupa moja inatosha kuanzia.

Chupa hiyo, kwa anayeishi Tanzania, naona iwe Konyagi. Wapo watakaosema kwamba Konyagi ni ya kunywea na soda tu, lakini sikubaliani nao. Ni nyeupe, ladha yake si nzito, inapatikana kila mtaa, na ukiharibu glasi tatu za mazoezi hutajutia fedha zako. Kitu cha kuzingatia ni kwamba nguvu yake ni asilimia 35, ilhali maelekezo mengi ya kokteli yameandikwa kwa pombe ya asilimia 40. Mililita 60 za pombe ya asilimia 40 zina mililita 24 za kilevi halisi, na mililita 60 za Konyagi zina 21. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mdomoni ndimu inaizidi pombe na kinywaji kinakuwa kama maji ya ndimu yaliyochacha. Kwa hiyo mimi hupima mililita 70 za Konyagi, 25 za maji ya ndimu na 20 za shira, na hapo mizani inarudi. Kama huna kipimo cha baa, kile kikombe kidogo cha plastiki kinachofunika chupa ya dawa ya kikohozi kina mistari ya mililita na kinafaa kabisa. Kioshe vizuri ukitenge kwa kazi hiyo.

Shira ninayoisema ni nyepesi: sukari na maji kwa uzito sawa, yakipashwa moto hadi sukari iyeyuke, basi. Usitumie ile ya kaimati iliyochemshwa mpaka ikanata, kwa sababu sukari yake ni nyingi zaidi na vipimo vyote vitavurugika. Ukitia punje mbili za iliki au karafuu moja wakati inapoa utapata harufu ambayo haipo katika chupa yoyote ya dukani, ingawa nakusihi ujizuie kufanya hivyo katika wiki za kwanza, ili uijue kwanza ladha ya pombe yenyewe.

Kuhusu ndimu nitasema zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikinipotosha. Nikisema ndimu namaanisha lile tunda dogo la mviringo, si limau. Sokoni watu huchagua zile za kijani zinazong'aa, ambazo mara nyingi ni ngumu na zina maji kidogo. Mimi huchagua zenye ganda jembamba, zilizoanza kugeuka rangi kuwa ya manjano, nzito kuliko zinavyoonekana. Ivingirishe juu ya meza kwa kiganja kabla ya kuikata. Iliyo nzuri hunipa mililita 20, na iliyokauka haifiki hata 10, ndiyo maana maelekezo yanayosema «kamua ndimu moja» hayana maana yoyote. Kamua, chuja kwa chujio la chai, pima. Maji ya ndimu yaliyokamuliwa asubuhi hupoteza ule uchangamfu wake ifikapo usiku, na yale ya chupa ya dukani sijawahi kuona yakitoa kinywaji kizuri.

Linalofuata ni barafu. Mwaka 1806 gazeti moja la jimbo la New York, Marekani, lilipoeleza kokteli ni nini, lilitaja vitu vinne: pombe kali, sukari, maji na vitu vichungu. Maji yalihesabiwa kuwa kiungo, na mpaka leo ni kiungo, ila siku hizi huingia kwa kupitia barafu inayoyeyuka. Katika kokteli iliyotikiswa vizuri, robo hadi theluthi ya kilichomo kwenye glasi ni maji yaliyotoka kwenye barafu. Sasa barafu za vidonge vidogo, zilizokaa nje kwa dakika kumi katika joto la Dar mpaka zikalowa, humwaga maji mengi kabla kinywaji hakijapoa. Mimi hugandisha maji yaliyochemshwa katika kopo la aiskrimu la lita mbili, kisha hulivunja bonge hilo kwa mchi, nikachukua vipande vya ukubwa wa yai moja kwa moja kutoka kwenye jokofu. Vitie katika chupa ya jamu yenye mdomo mpana na mfuniko imara pamoja na vile vipimo vyako, ifunike, uitikise kwa nguvu kwa sekunde kama kumi na mbili mpaka chupa ifanye ukungu nje na vidole viume kwa baridi, kisha chuja. Vyombo vya chuma vya gharama vinaweza kusubiri.

Fanya zoezi hili kabla ya kufikiria chupa ya pili. Jioni ya kwanza tengeneza kwa vipimo nilivyotaja. Jioni nyingine punguza shira iwe 15 bila kugusa kingine chochote. Siku nyingine irudishe shira, utikise mara mbili ya muda ule. Andika daftarini ulichokionja kwa maneno yako mwenyewe, glasi moja kwa jioni moja, kwa maana ulimi uliokwisha kulewa hauamui kitu.

Utakapofika chupa ya pili, nunua jini, ile pombe inayotiwa vitunda vya mjuniperi vyenye harufu ya msonobari. Tafuta iliyoandikwa London Dry. Maneno hayo hayasemi imetengenezwa London. Yanaeleza namna ya utengenezaji, kwamba harufu zote zimeingia wakati wa kukeneka na hakuna ladha iliyoongezwa baadaye. Angalia asilimia. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka jini isipungue asilimia 37.5 na wiski isipungue 40, na ukikuta mbili za bei inayokaribiana, moja ya 37.5 na nyingine ya 43, ile ya pili itasikika vizuri zaidi chini ya ndimu na toniki, ile soda chungu. Ili kuilinganisha na nyingine, tia toti nusu ya kila moja katika glasi, ongeza maji kiasi hichohicho, nusa kabla ya kuonja. Maji hupunguza ule mchomo unaoficha harufu.

Jini itakufungulia kokteli iitwayo Negroni: jini, Campari (pombe nyekundu chungu ya Italia) na vermuthi nyekundu tamu, mililita 30 kwa kila kimoja, zikorogwe na barafu. Hapo nina onyo lililonigharimu. Vermuthi ni mvinyo uliotiwa mitishamba na kuongezwa nguvu, na ikishafunguliwa huharibika kama mvinyo. Yangu niliiweka juu ya kabati kuanzia Desemba hadi Machi, Negroni zikawa na uchachu usioeleweka, nami nikailaumu jini hata nikabadilisha chapa mara mbili. Iweke kwenye jokofu, nunua chupa ndogo, uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Jambo jingine si la ladha bali la uhai. Niliwahi kununua wiski yenye jina kubwa kwa bei ya chini mno katika duka moja, sitalitaja, na nyumbani nikagundua kwamba stempu ya kodi ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa upya. Ilinuka rangi ya kucha. Niliimwaga yote. Pombe ya magendo inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitambua. Kagua stempu, kagua kizibo, na bei isiyoingia akilini iache dukani. Kwa sababu hiyohiyo gongo isiingie katika kokteli zako, hata kama anayeipika ni jirani unayemwamini.

Umetaja pia kwamba kaka yako anakuja kutoka Kampala mwezi ujao. Basi jini usiinunue bado. Mwombe akuletee Uganda Waragi, jini ya huko, ambayo jina lake inasemekana limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya «jini ya vita». Ikifika, soma asilimia kwenye lebo, ipige hesabu kama tulivyoipigia Konyagi, kisha tengeneza glasi mbili za kinywaji kilekile, moja ya Konyagi na moja ya Waragi, uzionje pamoja naye. Ukiandika hapa mlichokiona, nitakuambia la chupa ya tatu.