Mkonga wako hauna nguvu? Usikimbilie turbo

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Masasi. Anasema: "Shikamoo kaka. Nimenunua mkonga, Land Cruiser HZJ75 ya 1994, injini 1HZ. Mlimani haupandi kabisa, ni gia namba mbili mpaka juu. Nimepata turbo ya mtumba kwa bei ya mtu mwenye shida. Nifunge?"

Marahaba mdogo wangu. Turbo ni feni ya kuisukumia injini hewa zaidi, na jibu fupi ni hapana. Jibu refu linaanzia kwenye kona za kupandia Newala ukitokea Masasi, na lina aibu ndani yake, kwa hiyo vumilia.

Mkonga wangu niliupata mnadani. Ulikuwa wa mradi uliomaliza muda wake, wa mwaka 1996. Wanaoijua 1HZ hawahitaji kuelezwa: silinda 6, lita 4.2, pampu ya mafuta ya kizamani, kompyuta hakuna. Toyota walianza kuifunga mwaka 1990 na mpaka leo ukifika kijiji chochote cha Liwale au Nachingwea utakuta mtu anayejua kuifungua. Kazi yangu ilikuwa kukodisha: watafiti, wapima ardhi, misiba, harusi, na msimu wa korosho chochote kinachokaa nyuma. Miaka ya mwanzo sina la kusimulia. Gari lilikunywa dizeli, likafanya kazi, nikasomesha watoto.

Kilichoniharibu ni shemeji yangu. Alinunua Hilux mpya, na kila tukikutana kwenye mlima ananipita, anapiga honi mbili, anapunga mkono. Siku moja kwenye shughuli ya familia akasema mbele ya wajomba zangu, "Njomba, lile gari lako ukilitanguliza asubuhi, sisi tunakuja na chakula cha mchana tunakukuta njiani." Watu walicheka. Nami nilicheka. Usiku ule sikulala, na kesho yake nilikuwa kwenye simu natafuta turbo.

Nilifunga kila kitu. Turbo ya mtumba kutoka Dar, pua mpya ndefu ya kuvuta hewa, matairi mapana ya kutishia watu, na shekeli ndefu za springi ili gari linyanyuke. Fundi, ambaye simtaji kwa sababu bado tunasalimiana msikitini, akafungua na skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke. Milioni 4 na ushee zikaenda. Niliporudi barabarani nilijiona mfalme. Moshi mweusi ulikuwa unafunika barabara nyuma yangu na mimi nauangalia kwenye kioo kwa furaha, kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua akidhani ni mwanga wa sikukuu.

Hapa nieleze kidogo, maana kijana ameuliza kwa nia njema. 1HZ imesukwa kupumua yenyewe. Mgandamizo wake, yaani jinsi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, unazidi 22 kwa 1, na mafuta yanaanza kuwaka kwenye vichumba vidogo vilivyomo ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Toyota wenyewe walipotaka turbo walitoa injini nyingine, 1HD-T, yenye mgandamizo wa chini ya 19 na mafuta yanayopulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Hawakuwa wajinga. Halafu dizeli si petroli. Kwenye dizeli ukiongeza mafuta kuliko hewa, joto linapanda, na ule moshi mweusi ndio ushahidi. Wapo waliofunga turbo kwenye 1HZ na wanatembea vizuri, lakini waliweka kipimo cha joto la moshi, wakazuia presha isipande sana, wakaanza na rejeta nzima. Mimi niliweka stika.

Mwishoni mwa Aprili 2024 nilipata kazi ya kupeleka salfa Newala, mifuko 44 ya kilo 25, kabla watu hawajaanza kupulizia mikorosho. Zaidi ya tani moja, jua la saa 7, matairi mapana, na mimi na shauku ya kupanda kwa gia namba tatu. Nusu ya mlima mshale wa joto ulisogea kidogo juu ya katikati. Nikakanyaga, nikijisemea kilele kimekaribia. Mshale ukasimama, kisha ukaanza kushuka. Nilifurahi! Nikamwambia utingo, "Unaona? Turbo hiyo, gari linajipooza lenyewe."

Ndugu zangu, mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Ile sensa inapima maji. Ikibaki hewani haipimi chochote cha maana. Mpira mdogo wa hita nyuma ya injini, ambao mtu fulani zamani aliuunganisha kwa kipande cha mpira wa bustani, ulikuwa umepasuka. Mpira wa elfu 8. Nilijua habari zake baada ya injini kuanza kugonga na mvuke kutoka mpaka miguuni kwangu.

Tuliliacha gari lipoe, utingo akaenda kutafuta maji. Anayeijua Newala ameshaanza kunicheka. Kule juu ya uwanda wa Makonde maji ni mali. Wakongwe wanasimulia wanawake walivyokuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Utingo alirudi na mama mmoja mtu mzima, amebeba ndoo ya lita 20 ambayo hakutaka kumpa kijana aibebe. Nikamwamkia. Akaitikia, akaitazama ile mifuko, akaitazama pua mpya, akauliza, "Mwanangu, haya ya kunywa nyinyi au ya kunywesha hili?" Nikamwambia ya gari. Akanyamaza. Akainamisha ndoo mwenyewe, taratibu, kikombe kwa kikombe, na kila kikombe kilichoingia kwenye rejeta kilitokea chini kwenye mchanga. Baada ya vikombe vinne akasimamisha ndoo, akasema, "Limeshiba au limetoboka?" Nilimlipa. Alikataa nusu ya hela. Mpaka leo nikikumbuka ule mchanga uliolowa nasikia uso unawaka.

Mtwara mjini hedi ilipelekwa kwa fundi wa mashine. Akaisafisha, akaipaka dawa nyekundu, akafuta kwa kitambaa, akapuliza unga mweupe, tukasubiri. Mistari mitatu miekundu ikajichora polepole katikati ya vali na vali, myembamba kama unywele. Hakusema neno, alininyooshea kidole tu. Fundi wa turbo nilipompigia aliniambia ni uendeshaji wangu. Inawezekana. Ila aliyefunga turbo juu ya rejeta iliyoziba nusu na mpira wa bustani hakuwa mimi.

Hedi nyingine niliagiza mtaa wa Gerezani kwa wauza vipuri, Dar, ije kwa basi. Ikapakiwa, na Kimbunga Hidaya kikaingia pwani yetu. Barabara ya Kusini ikakatika kule Somanga, na hedi yangu ikalala ng'ambo siku kadhaa pamoja na abiria waliokuwa na shida kubwa kuliko yangu. Salfa ilipelekwa na mtu mwingine. Nadhani unamjua nani. Alipiga honi mbili alipopita nyumbani.

Basi katika zile siku za kungoja ndipo nilipopata elimu ninayotaka kukupa. Nilimpata mzee mmoja fundi wa Lindi, mwenye mikono iliyoingia oili mpaka kwenye mistari ya kiganja. Alizunguka gari bila kufungua boneti, akaliweka kwenye jeki, akazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Halikuzunguka. Breki za nyuma zilikuwa zinashika. "Miaka mingapi umepanda mlima umekanyaga breki?" akaniuliza.

Hayakuishia hapo. Ndani ya tangi kulikuwa na tope la dizeli za madumu ninazonunua vijijini. Nozeli mbili za kupulizia dizeli kwenye injini zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza. Ile pua mpya haikubanwa chini. Mzee aliingiza kidole kwenye bomba la hewa baada ya filta, kikatoka na vumbi jekundu laini kama unga wa dona, na hilo vumbi ndilo lililokuwa linasaga ringi za pistoni. Themostati, kile kilango cha kuongoza maji ya injini, haikuwepo kabisa. Mafundi wetu wanapenda kuitoa wakidhani wanaiokoa injini, kumbe kwenye Toyota nyingi za aina hii ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Alinirudishia kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Shekeli fupi, maana zile ndefu zilikuwa zinafanya usukani utangetange. Matairi membamba ya 7.50-16. Rejeta ikafunguliwa ikazibuliwa kwa chuma ndani, mipira yote mipya, kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, badala ya maji ya bomba, mfuniko mpya wa rejeta, mkanda wa taimingi mpya kwa sababu taa yake kwenye dashibodi mtu aliitoa balbu. Turbo tukaitoa. Gari likapanda. Halikuwa na kasi ya Hilux, lakini lilipanda kwa gia namba tatu, ile ile niliyoinunulia turbo. Nguvu ilikuwepo siku zote, imekabwa tu.

Kwa hiyo, vijana, nisikilizeni. Angalia maji kila asubuhi injini ikiwa ya baridi. Si kwenye kopo la pembeni, fungua rejeta yenyewe. Toa maji yaliyotuama ndani ya filta ya dizeli kila juma kama unanunua mafuta ya madumu. Shika kila mpira kwa mkono. Ukiwa mgumu kama muhogo mkavu au laini kama mlenda, toa. Ukitoka Msimbati kwenye mchanga, ambako ni lazima ushushe upepo wa matairi mpaka psi 18 hivi, jaza tena kabla ya lami, kisha osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chasesi isije ikaoza. Na angalia maji. Nimeshasema? Nasema tena. Siku hizi mtu ananunua gari la miaka 30, kabla hajajua oili ilimwagwa lini ameshafunga taa za juu 6 na winchi. Winchi ya kujivuta kwenda wapi, gereji? Tunataka gari litusemee ukubwa wetu kwa watu, halafu tunashangaa likitusemea udogo wetu katikati ya mlima. Gari la zamani ni kama mjomba mzee wa ukoo: halihitaji suti mpya, linahitaji kuulizwa limelalaje.

Mwezi uliopita nilipanda kona zile zile na tani moja ya saruji. Kileleni nilisimama kwa yule mama na madumu mawili ya maji, kama ninavyofanya kila nikipita. Alitoka, akainama kuangalia chini ya injini kama kuna tone, akaridhika, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

Kijana wa Masasi nilimwambia jambo moja tu kwa kuanzia: kesho asubuhi fungua mfuniko wa rejeta, piga picha, nitumie. Ameituma jana. Maji yana rangi ya chai ya rangi, na ukingoni pana utelezi kama wa oili. Nimemwambia ile turbo aizungushie gazeti aisukume chini ya kitanda, Jumamosi aje na gari Lindi kwa mzee, aje polepole, na mtungi wa maji uwe kiti cha mbele.