Biskuti za anga

Msomaji anayeandika habari za Vita vya Pili vya Dunia anauliza: askari wa jenerali Mwingereza Orde Wingate, wale walioitwa Chindits, waliopelekwa kwa ndege katika misitu ya Burma (leo Myanmar) nyuma ya Wajapani mwaka 1944, awaite "askari wa miavuli" au "wanajeshi wa anga"?

La kwanza halina mgogoro. Mwavuli ni ndugu wa uvuli na kivuli, na ingawa ule wa kurukia haumkingi mtu jua, jina limekwisha kuzoeleka. Ila ni la aliyeruka, na wengi wa hawa hawakuruka. Usiku wa tarehe 5 Machi waliotangulia walishushwa kwa ndege zisizo na injini, zilizovutwa kwa kamba na ndege nyingine, katika uwanda uliopewa jina la Broadway, ambako mitaro iliyoachwa na magogo ya msaji yaliyokokotwa, iliyofichwa na nyasi, iliwaua baadhi yao kabla hawajamwona Mjapani. Waliosalia walitengeneza kiwanja, na usiku uliofuata ndege za mizigo, Dakota, zikaanza kutua.

Anayenikera ni huyo "mwanajeshi wa anga". Jeshi la anga ni la marubani na mafundi wao. Hawa walikaa angani saa chache, kisha wakakaa ardhini kwa miezi, wa mwisho wao hadi Agosti, wakizama katika matope ya monsuni, wakihara damu, wakitetemeka kwa malaria, wakiwakokota nyumbu waliokatwa nyuzi za sauti wasije wakalia na kumwamsha adui. Ikiwa kupanda ndege kunatosha kumfanya mtu kuwa wa anga, basi nyumbu hao zaidi ya elfu moja, waliosafirishwa kwa ndege, nao ni wanyama wa anga. Na Brigedi ya 16 ya Chindits haohao, iliyoingia Burma kwa miguu katika kampeni hiyohiyo, tuiiteje? Chakula chao pia kilidondoshwa kutoka kwenye ndege, wala sijasikia mtu akitaja biskuti za anga.

Usikimbilie "wapiganaji wa msituni" pia, maana jina hilo tumekwisha kuwapa waasi, hata wanaopigana jangwani ambako hakuna mti. Nimechoka kulipinga, na lipite.

Andika "askari wa miguu waliopelekwa kwa ndege". Ni refu, lakini ni la kweli. "Askari wa miavuli" wawekee Wagurkha, askari wa Kinepali wa jeshi la Uingereza la India, walioruka Elephant Point, kusini mwa Rangoon, tarehe 1 Mei 1945.