Je, ablesheni inaweza kutangulia dawa?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 52. Nimeambiwa nina atriali fibrilesheni ya kuja na kuondoka yenyewe, na moyo huenda mbio bila mpangilio mara mbili au tatu kwa mwezi. Ekokadiogramu, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, imeonyesha kuwa vali ni nzima. Je, ni lazima nitumie dawa kwanza, na ablesheni, yaani kuchoma au kugandisha sehemu ndogo za moyo, isubiri mpaka dawa zishindwe?

JIBU: Si lazima. Utaratibu huo ndio uliofuatwa kwa miaka mingi, lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unapendekeza ablesheni kama tiba ya kwanza kwa baadhi ya wagonjwa wa aina yako, hasa wasio wazee sana na wasio na maradhi mengine mengi.

Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mapigo yanayochokoza hali hii mara nyingi huanzia ndani ya vena zinazorudisha damu kutoka mapafuni. Kwa hiyo daktari hupitisha katheta, mrija mwembamba, kwenye vena ya kinena hadi chumba cha juu cha kushoto cha moyo, kisha huzungushia vena hizo kovu kwa kuchoma au kugandisha, ili umeme wake usivuke kuingia moyoni.

Utafiti wa EARLY-AF wa Canada, uliochapishwa mwaka 2021, uliwagawa katika makundi mawili wagonjwa 303 ambao hawakuwa wametumia dawa za kudhibiti mpigo kila siku, na wote wakawekewa kifaa cha kurekodi moyo chini ya ngozi. Baada ya mwaka mmoja hali ilikuwa imejirudia kwa asilimia 42.9 ya waliofanyiwa ablesheni ya kugandisha na asilimia 67.8 ya waliopewa dawa. Viwango hivyo visikutishe, kwa kuwa hata tukio la sekunde 30 lisilo na dalili lilihesabiwa. Matukio yenye dalili yalikuwa asilimia 11.0 dhidi ya 26.2. Ninaloliona zito zaidi ni la miaka 3 baadaye: hali ilikuwa imegeuka sugu, isiyoondoka yenyewe tena, kwa asilimia 1.9 tu ya kundi la ablesheni, dhidi ya asilimia 7.4.

Hata hivyo, ablesheni haikuondolei dawa za kuzuia damu kuganda. Utazitumia angalau miezi 2 hadi 3 baada yake, na kuendelea au kuacha hutegemea hatari yako ya kiharusi, yaani umri, shinikizo la damu, kisukari na kiharusi cha awali, hata kama moyo umetulia kabisa.

Majibu haya hayamhusu mwenye vali ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao bado tunauona sana Afrika Mashariki. Huyo huhitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na tathmini ya vali kwanza.

Kabla ya kukubali, muulize daktari atakayekufanyia amefanya ablesheni ngapi, na ni mara ngapi damu imevujia kwenye mfuko wa moyo.